Neno “board”: ubao, meza na ubavu wa meli

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimepata barua ya ajira katika meli ya abiria, na ndani yake imo sentensi hii: “Board and lodging on board will be provided, subject to approval by the board.” Niliiingiza katika programu ya kutafsiri, ikanipa “bodi na makazi kwenye bodi yatatolewa kulingana na idhini ya bodi”, nami sikuambulia kitu. Kamusi yangu inataja maana zaidi ya kumi za neno hilo, kuanzia ubao hadi chakula. Je, hilo ni neno moja kweli, au ni maneno mengi yaliyofanana kwa bahati tu? Na nitajuaje maana inayokusudiwa bila kukariri orodha nzima?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kupata kazi. Nianze kwa kukuondolea wasiwasi: sentensi hiyo haina kosa la lugha. Neno “board” limetumika ndani yake mara tatu, na kila mara limebeba maana yake peke yake, jambo ambalo mwandishi mwangalifu zaidi angeliepuka, lakini ambalo halimtatizi msomaji aliyekulia katika Kiingereza. Programu yako ilipotea kwa sababu ilishika neno moja la Kiswahili, “bodi”, ikalibandika kila mahali, kana kwamba kila neno la lugha moja lina pacha mmoja tu katika lugha nyingine.

Kuhusu swali lako la kwanza, leo ni neno moja, ingawa, kama nitakavyoeleza, zamani sana yalikuwa mawili yaliyoungana. Maana zake nyingi zimetokana na kitu unachoweza kukigusa kwa mkono, yaani kipande cha mti kilichopasuliwa kikawa bapa. Neno hilo lilishika njia tatu: ya kwanza ilibaki kuwa ubao, ya pili ikawa meza, na ya tatu ikawa ubavu wa chombo cha majini. Mtu akizijua njia hizo tatu hahitaji kukariri maana kumi na kitu, kwa sababu kila anapokutana na neno hilo atajiuliza swali moja tu: hapa ni ubao, ni meza, au ni meli? Nitazieleza zote tatu, ila sitazipa nafasi sawa, kwa kuwa njia ya meza ndiyo inayowapoteza watu wengi, hata wale waliosoma Kiingereza miaka mingi.

Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa hadi takriban mwaka 1100, neno hilo liliandikwa “bord”, na tayari wakati huo lilikuwa na maana za ubao, meza, ngao na ubavu wa meli. Wataalamu wa historia ya lugha wanaeleza kwamba katika lugha mama ya Kijerumani cha kale yalikuwapo maneno mawili yaliyokaribiana sana, moja likimaanisha ubao na jingine likimaanisha ukingo au ubavu, na kwamba katika Kiingereza yaliungana yakawa neno moja. Kifaransa nacho kililichukua lile la ukingo kutoka kwa Wafaranki, kabila la kale la jamii ya Kijerumani, na hadi leo Wafaransa husema “bord” wakimaanisha ukingo wa kitu au ubavu wa meli. Kutoka huko Kifaransa ndiko Kiingereza kilikopata neno “border”, yaani mpaka. Kwa hiyo “board” na “border” ni ndugu waliopotezana njiani, na ukilikumbuka hilo hutashangaa kwa nini neno la ubao linajitokeza kila mara panapozungumzwa habari za meli.

Njia ya ubao ndiyo nyepesi kuliko zote. “A board” ni ubao mmoja, na “boards” ni mbao. Mafundi wanaozungumza Kiingereza hutofautisha “board” na “plank”, ambapo kwa kawaida “plank” ni ubao mnene zaidi, ule unaoweza kubeba uzito wa mtu au mzigo. Huko Marekani mbao huuzwa kwa kipimo kinachoitwa “board foot”, ambacho ni ujazo wa ubao wenye urefu wa futi 1, upana wa futi 1 na unene wa inchi 1, yaani inchi za ujazo 144. Waigizaji wa jukwaani husemwa kwamba “tread the boards”, yaani wanakanyaga mbao, kwa sababu sakafu ya jukwaa ilikuwa ya mbao. Msemo huo haumaanishi zaidi ya kufanya kazi ya uigizaji.

Baadaye mti wenyewe uliachwa, ukabaki ubapa na ugumu. Kitu chochote bapa, kigumu kiasi, kinachotumika kama uso wa kuandikia, kubandikia, kuchezea au kushikizia vitu vingine kinaweza kuitwa “board”, hata kama ni cha karatasi, plastiki au jasi. Ndiyo maana kuna “cardboard”, ambayo kwetu ni kadibodi, “notice board”, yaani ubao wa matangazo, “chessboard”, ubao wa sataranji, na “circuit board”, ile bodi ya ndani ya redio au kompyuta inayoshikilia vipuri na njia za umeme. Kiswahili chenyewe kimefanya jambo hilohilo tunapouita mchezo wa bao kwa jina la kile kipande cha mti unaochezewa. Katika maneno ambatano ya namna hii, sehemu ya mwisho ndiyo inayotaja kitu na sehemu ya kwanza inakieleza, kwa hiyo “keyboard” ni ubao wa vitufe, iwe ni kibodi ya kompyuta au mpangilio wa vibao vya kinanda. Sikiliza pia matamshi, maana mkazo hukaa kwenye sehemu ya kwanza: “blackboard” ukiwekewa mkazo mwanzoni ni ubao wa darasani wa kuandikia kwa chaki, hata ukipakwa rangi ya kijani, ilhali “black board” yenye mkazo kwenye neno la pili ni ubao wowote wenye rangi nyeusi.

Yako maneno mawili katika kundi hili ambayo historia yake inastahili kusimuliwa. La kwanza ni “dashboard”. Leo ni dashibodi ya gari, yenye vipimo vya mwendo na mafuta, na siku hizi hata ukurasa wa programu unaoonyesha takwimu kwa muhtasari huitwa hivyo. Lakini neno hilo lilizaliwa kabla ya magari ya injini, likiwa jina la ubao uliowekwa mbele ya gari la kukokotwa na farasi ili kumkinga dereva na matope yaliyorushwa na kwato. Kitenzi “dash” hapo kina maana ya kurusha kwa nguvu. Ubao umetoweka, matope yamesahaulika, na jina limebaki mahali palepale mbele ya dereva. La pili ni “cupboard”, ambalo kila mwanafunzi hulitamka vibaya mara ya kwanza kwa sababu herufi “p” haisikiki kabisa na sehemu ya mwisho hufifia, likawa kama “kabadi”. Siku hizi ni kabati lenye milango, lakini katika zama za kati lilikuwa meza ya wazi ya kupangia vikombe na vyombo vya thamani ili wageni wavione. Hapo “board” haikuwa ubao wa kawaida tena, bali meza, na hiyo ndiyo njia ya pili.

Meza za zamani hazikuwa kama za leo zenye miguu iliyogongomewa. Mara nyingi zilikuwa mbao ndefu zilizolazwa juu ya vihimili, zikatandikwa wakati wa kula na kuondolewa watu wakishashiba. Ubao ndio uliokuwa meza, na meza ndiyo iliyokuwa chakula. Kufikia karne ya 14 neno “board” lilikuwa limeshapata maana ya mlo anaopewa mtu kila siku, hasa mlo anaoulipia au anaopewa kama sehemu ya ujira wake. Msemo “board and lodging” wa Waingereza na “room and board” wa Wamarekani una maana moja, chakula na malazi. Katika barua za vyuo vya Marekani utakuta gharama zimegawanywa kuwa “tuition” na “room and board”, na nimewahi kuona tafsiri iliyosema “chumba na bodi”, ikamwacha mzazi akidhani mwanawe anatozwa fedha za kuendeshea bodi ya chuo. Ni “malazi na chakula”, basi.

Hotelini maana hiyo imegeuka kuwa lugha ya biashara. “Full board” ni malazi pamoja na milo mitatu ya siku. “Half board” ni malazi, kifungua kinywa na mlo mmoja mwingine, ambao kwa kawaida ni wa jioni. Vinywaji kwa kawaida havimo, isipokuwa vile vya asubuhi, na mgeni asiyejua hilo hushtuka anapoletewa ankara. Angalia kwamba katika matumizi haya yote neno halitanguliwi na “a” wala halina “s” ya wingi. Haiwezekani kusema “a board and lodging”. Chakula hapa kimechukuliwa kama jumla isiyohesabika, na alama hiyo ndogo ya kisarufi ina faida kubwa, kama nitakavyoonyesha baadaye.

Kutoka kwenye chakula lilitoka neno “boarder”, mtu anayelala na kula mahali kwa malipo, na kutoka hapo tukapata “boarding house” na “boarding school”. Kiswahili kimeiita shule hiyo kwa jina la mahali pa kulala, shule ya bweni, na Kiingereza kikaiita kwa jina la mahali pa kula. Lugha mbili zimekitazama kitu kimoja kutoka milango miwili. Lakini jihadhari na “board school”, unayoweza kukutana nayo katika maandishi ya Uingereza ya mwishoni mwa karne ya 19. Hiyo haikuwa shule ya bweni hata kidogo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 1870 iliruhusu maeneo ya Uingereza na Wales yasiyokuwa na shule za kutosha kuchagua bodi za elimu, na shule zilizojengwa na bodi hizo ndizo zilizoitwa “board schools”. Watoto walisoma mchana na kurudi makwao. Mfumo huo ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1902, lakini jina limebaki vitabuni, na anayelitafsiri kuwa shule ya bweni huligeuza maisha ya mtoto wa fukara wa mjini yakawa ya mtoto wa tajiri aliyepelekwa mbali kusoma.

Kiambishi hicho “-ing” ndicho kilichotenganisha shule hizo mbili, kwa sababu katika “board school” neno limeshaingia katika maana nyingine ya meza, ile isiyokuwa ya chakula. Watu waliokaa kuzunguka meza moja wakajadili na kuamua, nao walianza kuitwa kwa jina la meza yao, na matumizi hayo yalikuwa yameshaota mizizi katika karne ya 16. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili halipaswi kuwa geni. Baraza ni mahali pa kukaa nje ya nyumba, watu wanapozungumza na kupokea wageni. Kisha likawa jina la wale waliokaa wakizungumza, hata tukafika kwenye Baraza la Mawaziri. Mwenyekiti naye ni mtu aliyepewa jina la kiti. Kiingereza kina mazoea hayohayo: mahakimu kwa pamoja huitwa “the bench” kwa sababu ya benchi walilokalia, na mawakili huitwa “the bar” kwa sababu ya kizuizi kilichotenga eneo la mahakama. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba anayeelewa kwa nini baraza ni sakafu na pia ni mkutano, ameshaelewa nusu ya neno “board”.

Kwa maana hii tunasema “board of directors”, bodi ya wakurugenzi, “board of trustees”, bodi ya wadhamini, na “examination board”, chombo kinachotunga na kusahihisha mitihani. Huko Marekani daktari husemwa kuwa ni “board-certified”, yaani amethibitishwa na bodi ya fani yake baada ya kufaulu mitihani yake, na mitihani yenyewe huitwa kwa mkato “the boards”. Soko la bidhaa la “Chicago Board of Trade”, lililoanzishwa mwaka 1848, lilibeba neno hilo ingawa watu wengi walilifahamu kama mahali pa kununua na kuuza nafaka na si kama kikao cha wazee. Tofauti kati ya “board” na “committee” pia inafaa kuzingatiwa: “committee” kwa kawaida ni kamati iliyopewa kazi fulani na chombo kilicho juu yake, ambayo hutoa taarifa kwa chombo hicho, ilhali “board” mara nyingi ndiyo hicho chombo cha juu chenye dhamana ya mwisho ya taasisi. Bodi inaweza kuwa na kamati ndani yake. Kinyume chake si kawaida.

Waingereza wana uhuru wa kusema “the board has decided” au “the board have decided”, kutegemea kama wanakitazama chombo kama kitu kimoja au kama kundi la watu, lakini Wamarekani karibu wote husema “has”. Usiyahesabu yale ya Waingereza kuwa makosa. Kosa ninalolihofia zaidi liko upande wa Kiswahili chetu, kwa sababu neno “bodi” tulilokopa limepokea maneno mawili ya Kiingereza ambayo hayana undugu. “Bodi ya wakurugenzi” imetoka kwenye “board”, lakini “bodi la gari”, lile umbo la bati linalofunika injini na viti, limetoka kwenye “body”, yaani mwili. Kwa hiyo mtu anayetafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza akiandika “the board of the car” atakuwa ameandika kitu kisichokuwapo.

Meza ilikuwa pia mahali pa kuchezea karata, na huko nako neno liliacha alama. Mchezaji aliyetaka kuaminiwa aliiweka mikono yake juu ya meza ambapo wenzake waliweza kuiona, na aliyeishusha chini alishukiwa kubadilisha karata. Ndiko ulikotoka msemo “above board”, unaomaanisha jambo lililofanywa peupe, bila hila, na mwenzake wa upande wa pili ni “under the table”, ambao hutumika kwa malipo ya siri au rushwa. Vilevile “sweep the board” ni kuzoa dau lote lililoko mezani, na leo husemwa kwa mtu au timu iliyonyakua tuzo zote.

Sasa twende melini, ambako ndiko kazi yako iliko. Ubavu wa chombo uliitwa “board” kwa sababu ya maana ile ya ukingo niliyoieleza, na bila shaka pia kwa sababu ubavu wenyewe ulijengwa kwa mbao. Vyombo vya zamani vya kaskazini mwa Ulaya viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa upande wa kulia karibu na tezi, na ubavu huo ukaitwa “starboard”, yaani ubavu wa kuongozea. Sehemu ya kwanza ni ndugu wa neno “steer”, wala haihusiani na nyota hata kama imeandikwa kama nyota. Chombo kilipofika bandarini kilifungwa kwa ubavu wa kushoto ili kasia lisivunjike, na ubavu huo uliitwa “larboard”. Tatizo ni kwamba maneno hayo mawili yalisikika kama moja katika upepo na mawimbi, na amri iliyosikika vibaya ingeweza kuizamisha meli. Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliagiza mwaka 1844 kwamba upande wa kushoto uitwe “port” badala ya “larboard”, na la Marekani likafuata mwaka 1846. Utayasikia maneno “port” na “starboard” kila siku ukiwa kazini, na utakuta taa ya upande wa “port” ni nyekundu na ya “starboard” ni ya kijani. Yashike mapema. Kulia na kushoto kwa mtu hubadilika anapogeuka, lakini pande hizi ni za meli, na hazibadiliki hata ukitazama nyuma.

Aliye ndani ya zile mbavu mbili yuko “on board” au “aboard”, na aliyeanguka nje yake ameanguka “overboard”. Kitenzi “to board” kilianza na maana ya kusogea ubavuni mwa chombo kingine, mara nyingi kwa nia ya kukishambulia, kisha kikawa tu kupanda chombo cha usafiri. Kutoka merikebu kimehamia kwenye treni, basi na ndege, na ndiyo maana karatasi ya kupandia ndege inaitwa “boarding pass”. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, kwa sababu “boarding” ya “boarding pass” imetoka kwenye ubavu wa meli, na “boarding” ya “boarding school” imetoka kwenye meza ya chakula. Maandishi ni yaleyale na sauti ni ileile, lakini njia ni mbili. Hata “boarder” anaweza kuwa mwanafunzi wa bweni, mtu anayeteleza kwa ubao juu ya theluji, au askari anayevamia meli ya adui, na sentensi iliyomzunguka ndiyo itakayokuambia ni nani.

Misemo ya melini imeingia katika mazungumzo ya ofisini kwa wingi. “To be on board with a plan” ni kuukubali mpango na kuwa tayari kuufanyia kazi, “to take something on board” ni kulipokea wazo au ushauri na kulizingatia, na “to go overboard” ni kupita kiasi. Mlingoti ulipovunjika na kuangukia nje ya ubavu ulisemwa kuwa “gone by the board”, na leo msemo huo hutumika kwa kanuni au mpango uliotupiliwa mbali. Ukiitafsiri misemo hii neno kwa neno utawapotosha wasomaji wako, kwa hiyo ni heri kuisahau picha na kuandika maana: amekubali, amezingatia, amezidisha, umetupwa.

Misemo miwili mingine haikutoka melini wala kwenye meza ya chakula. “Across the board”, unaotumika sana katika habari za mishahara na kodi, maana yake ni kwa wote bila kubagua, na umetoka kwenye mashindano ya farasi ya Marekani, ambako mchezaji aliweza kuweka dau sawa juu ya farasi mmoja kwa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa pamoja. “Back to the drawing board” ni kurudi mwanzo baada ya mpango kushindwa. “Drawing board” ni ubao wa wachoraji wa ramani na mitambo, na msemo huo ulienea kutokana na katuni ya Peter Arno iliyochapishwa katika jarida la The New Yorker mwaka 1941, ikimwonyesha mhandisi akiondoka kwenye ndege iliyoanguka huku michoro yake ikiwa kwapani.

Sasa swali lako la pili, la namna ya kutambua. Usilitazame neno lenyewe, tazama vineno vinavyolizunguka. Likiwa na “a” au likiwa na “s” mwishoni, aghalabu ni ubao, au ni bodi moja kati ya nyingi. Likiwa na “the” nalo likifanya jambo ambalo mtu hufanya, kama kuamua, kukutana, kuidhinisha au kumfukuza mtu kazi, ni bodi ya watu, maana mbao haziamui. Likiwa halina “a” wala “the” na limeambatana na “room”, “lodging”, “full” au “half”, ni chakula. Likiwa halina “a” wala “the” lakini limetanguliwa na “on”, ni chomboni, au ni kukubaliana na jambo. Linganisha sentensi hizi tatu: “She is on board” maana yake yumo melini au amekubali, “She is on the board” maana yake ni mjumbe wa bodi, na “It is on the board” maana yake limeandikwa au limebandikwa ubaoni. Kineno kimoja cha herufi tatu kimembadilisha abiria akawa mjumbe. Kwa masikio jihadhari pia na “bored”, yaani aliyechoshwa na jambo, ambalo hutamkwa sawasawa na “board”, na katika maandishi usilichanganye na “broad”, yaani pana, ambalo wengi huliandika kimakosa kwa kupindua herufi.

Tuirudie barua yako. “Board and lodging” haina “a” wala “the”, na imeambatana na malazi, kwa hiyo ni chakula. “On board” imetanguliwa na “on”, na barua inatoka kwenye kampuni ya meli, kwa hiyo ni melini. “The board” ina “the” nayo inaidhinisha, kwa hiyo ni bodi ya kampuni. Tafsiri yake ni hii: “Chakula na malazi melini vitatolewa, iwapo bodi itaidhinisha.”

Na hapo kwenye “iwapo” ndipo ninapokuomba usimame kidogo kabla ya kutia sahihi. “Subject to” si “kulingana na”, kama programu yako ilivyosema. Ni sharti, na maana yake ni kwamba bodi isipoidhinisha ahadi haipo. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 wa Shirika la Kazi Duniani, unaozihusu meli za nchi zilizouridhia na unaomhesabu karibu kila mfanyakazi wa melini kuwa baharia, wakiwemo wahudumu wa abiria, unasema katika kanuni yake ya 3.2 kwamba baharia aliye “on board” apewe chakula bila malipo kwa muda wote wa ajira yake. Waandikie waajiri wako kwa adabu uwaulize mambo mawili: meli hiyo inapeperusha bendera ya nchi gani, na kwa nini chakula kimewekewa sharti la idhini ya bodi. Omba jibu lao liwe la maandishi, na kama bodi imeshaidhinisha, omba sehemu ile ya “subject to approval by the board” ifutwe kabisa katika mkataba utakaousaini.